Chupa ya Saba

Ijumaa jioni aliacha chupa nne. Jumapili saa saba na nusu mchana alikuta tatu, na Mama Sabuni, mwanamke asiyeogopa hata mbwa wa Paroko, alichuchumaa pale pale mbele ya rafu.

Akazihesabu tena, na tena. Vitu vitatu havihitaji kuhesabiwa mara tatu, lakini macho yakishaingiwa na hofu hayaaminiki. Zilikuwa chupa nyeupe, nzito, zisizoonyesha kilichomo, zilizowahi kuwa za siki, kila moja na utepe mwekundu shingoni. Ndani yake mlikuwa na kostiki iliyokwisha kuyeyushwa, ile dawa kali inayogeuza mafuta machafu ya kukaangia kuwa sabuni. Ukiitazama, maji. Ukiinusa, maji. Ukiigusa inateleza vidoleni, na kabla hujamaliza kushangaa ngozi imeanza kuwaka. Ya kuinywa tusiyaseme.

Na hapo palikuwa sakristia, chumba cha nyuma ya altare, mahali ambapo kostiki haikutakiwa kukanyaga. Paroko alishasema mbele ya kikundi kizima cha wanawake wa sabuni: dawa hiyo ikae stoo ya nje, chini ya kufuli, na siku atakayoikuta ndani ya jengo la kanisa ndiyo siku ya mwisho ya sabuni. Mama Sabuni akaitikia “ndiyo, Padri” kwa sauti kuliko wenzake wote. Lakini stoo ilikuwa imefurika makopo na maboksi yaliyokusanywa na waumini, pa kuweka mguu hapakuwepo, akajiambia ni siku mbili tu, nani atajua. Akazipanga rafu ya chini, nyuma ya vinara vya zamani.

Parokia ile ilikuwa imejitoa kweli kweli katika kutunza mazingira. Maji ya mvua yalikingwa kila paa. Vikombe vya kutupa vilipigwa marufuku. Mafuta yaliyochoka ya hotelini yaligeuzwa sabuni, na chupa hazikununuliwa mpya. Zilioshwa, zikatumika, zikarudi. Tena kulikuwa na Jumapili ya Kuzima: kuanzia saa sita mchana hadi jua kuzama, kila familia inazima umeme na simu, inapumzika na kuipumzisha dunia. Hilo la kuzima lilikuwa wazo la Mama Sabuni mwenyewe. Alisimama mimbarini akalipigia debe hadi wazee wakapiga makofi.

Mlango wa sakristia ukafunguka, akaingia Mzee Kengele akiwa na tabasamu la mtu aliyeshiba sifa. Huyu ndiye mtunza sakristia na mpiga kengele, kazi aliyoifanya miaka mingi hadi jina lake la ubatizo likasahaulika.

“Mama Sabuni! Umeziona chupa zangu leo pale mezani? Watu walishangaa wenyewe.”

“Chupa zipi, mzee wangu?”

“Za maji ya baraka, za wagonjwa, zile zile za siki kama zenu. Si unajua siku zote nazifunga utepe mweupe? Leo nikasema hapana, leo ni Pentekoste, rangi ya leo ni nyekundu. Nikachukua mabaki ya lile joho jekundu la kwaya lililoliwa na nondo, nikazifunga zote. Zikapendeza, acha!”

Mama Sabuni alitazama utepe wa kostiki. Nao ulikatwa kutoka joho lile lile. Kwake yeye nyekundu ilikuwa hatari, na wanawake wote wa kikundi walijua hivyo. Hakuandika neno juu ya chupa kwa sababu rangi ingeziharibu zisitumike tena, na nusu ya wenzake kusoma kunawapiga chenga. Utepe ulitosha. Ulitosha mpaka alipotokea mtu anayehesabu rangi kwa kalenda ya kanisa.

“Ulifunga chupa ngapi?” aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

“Sita. Ya saba nilikuta tayari mmeshanifungia, ipo hapo chini, imejaa kabisa. Nikasema, wamama hawa Mungu awabariki, wamenipunguzia kazi.” Tabasamu likaanza kumpotea. “Kwani vipi?”

Akamwambia. Mzee Kengele alikaa juu ya sanduku la mishumaa bila kutazama anapokaa.

Ubaya wa jambo ulikuwa huu. Paroko alikuwa na mpango mzuri mwaka huu. Nyumba saba zilikuwa na wagonjwa wasioweza kufika kanisani, na kila nyumba ilipewa chupa moja ya maji ya baraka. Saa tisa kamili kengele ingelia. Hapo nyumba zote saba zifungue chupa kwa pamoja, wafanye ishara ya msalaba, mgonjwa anywe funda moja na wauguzaji wake baada yake. Padri aliziombea chupa zote saba mezani kwa mkupuo, na kostiki nayo ikanyunyiziwa baraka zake.

“Tuwapigie simu,” alisema Mzee Kengele.

Mama Sabuni alikuwa amekwisha kuwasha yake. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili haikupatikana. Ya tatu hivyo hivyo, na yule mwanamke wa kwenye simu aliomba radhi kwa upole uleule kila mara. Watu walikuwa wamezima. Waliambiwa wazime, nao ni watu watiifu.

“Basi nikapige kengele sasa hivi! Watu waje wenyewe!”

“Ukipiga, watafungua.”

Mzee Kengele akarudi nyuma hatua moja. Miaka yote ile kengele yake iliita watu kwenye heri, hajawahi kuiogopa. Sasa aliitazama ile kamba iliyoning’inia pembeni ya mlango kana kwamba ingejivuta yenyewe.

“Tumwambie Padri,” alisema polepole.

Hilo lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na Mama Sabuni alilijua. Paroko alikuwa na gari. Alikuwa na vijana wa kwaya waliobaki wakila chini ya kibanda. Ndani ya nusu saa nyumba zote saba zingekuwa zimefikiwa. Lakini angeuliza chupa ilifikaje sakristia. Kikundi kingefungwa, wanawake kumi na wanane wangerudi nyumbani mikono mitupu, na yeye, Mama Sabuni wa mimbarini, angekuwa mama aliyeleta sumu kanisani.

“Hatuna haja ya kumsumbua,” alisema. “Saa tisa bado. Hakuna atakayefungua kabla ya kengele, na mwenye kamba ni wewe. Au kuna mwingine?”

“Nisipovuta mimi, hakuna anayevuta.”

“Basi. Tutazipitia kimya kimya. Tukiipata tunaibadilisha, mambo yamekwisha.”

Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na vipande vya kitambaa vilivyopakwa manjano, ile ya unga ya jikoni. Ndivyo walivyokagua meza kila baada ya kazi: kitambaa kikigusa maji kinabaki na rangi yake, kikigusa kostiki kinageuka chekundu papo hapo. Alimgawia Mzee Kengele vitatu. Wakafungua daftari la chupa, maana kila chupa iliyotoka iliandikwa ili irudi, wakagawana nyumba. Yeye tatu za upande wa soko, mzee na baiskeli yake tatu za ng’ambo ya reli. Wakutane kwenye nyumba ya mabibi wawili, ya mwisho upande wa soko.

“Hizo sita,” alisema Mzee Kengele. “Na ya saba? Ya mama yako?”

“Ile nimeibeba mwenyewe baada ya Misa ya kwanza. Mimi nisijue uzito wa kostiki? Twende.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya dereva mstaafu, mwenye moyo uliopanuka na ubishi uliopanuka zaidi. Alikuwa kitini, miguu imevimba, redio imezimwa mbele yake kama mgeni aliyeudhiwa. Chupa ilikuwa juu ya kabati, utepe mwekundu ukichungulia.

“Nimekuja kukagua vizibo, baba,” alisema Mama Sabuni. “Kuna vinavyovuja.”

“Hakivuji.”

“Nikione tu.”

“Mama, Padri alisema saa tisa. Mimi nimeendesha malori miaka thelathini, nikiambiwa ngoja, nangoja. Wewe unataka kunifungulia kabla ya wakati, baraka zitoke?”

Angecheka siku nyingine. Alitazama mkono ule mnene ulioshika fimbo, akauona ukiinua kikombe, akaiona shingo ile ikimeza. Akasema uongo wa pili, kwamba Padri mwenyewe ndiye aliyemtuma, na ulitoka laini kuliko ule wa kwanza. Dereva akaguna, akageuza uso ukutani ili asishuhudie dhambi. Mama Sabuni akafungua kizibo, akachovya ncha ya kitambaa, akasubiri huku amekata pumzi.

Kitambaa kilibaki cha manjano. Akafunga, akaaga, akatoka nje akashika ukuta.

Hofu ni kitu cha ajabu. Ungedhani kila chupa inayokutwa na maji ingempunguzia, kumbe ilimwongezea, kwa sababu kostiki ilikuwa mahali fulani na nyumba za kuiweka zilikuwa zinapungua.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mke wa fundi bomba. Mtoto wao wa miezi minane alikuwa na homa isiyoshuka tangu Alhamisi. Mama Sabuni alikuta mlango wazi na yule mama kijana amekaa mkekani, mtoto kifuani, chupa pembeni. Kizibo kilikuwa chini.

“Umeifungua?”

Sauti ilitoka kali, mwanamke akashtuka. “Nisamehe, mama. Najua tuliambiwa tungoje. Alikuwa anaungua, nikashindwa. Nimempangusa uso kidogo tu.”

Mama Sabuni alipiga magoti. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu mashavuni, kwenye paji, kuzunguka macho, na macho yenyewe yalikuwa yamefumba. Akili yake ilisimama. Alitaka kukimbia, niseme kweli. Miguu yake iligeuka kuelekea mlangoni kabla hajaizuia. Alichovya kidole chake mwenyewe kwenye mdomo wa chupa, maana kitambaa kilimdondoka, akasugua kidole na gumba.

Hakikuteleza. Akaokota kitambaa, akadondoshea tone. Manjano.

“Amelia lini mara ya mwisho?”

“Amelala sasa hivi tu. Ndiyo kwanza amelala.”

Ilikuwa homa, homa ya kawaida ya mtoto. Mama Sabuni alikaa mkekani pale machozi yakimtoka, na yule mama kijana, asiyejua lolote, akamshika bega akamwambia usilie mama, Mungu yupo, atapona.

Alipofika kwa mabibi wawili ilikuwa imebaki robo saa kufika saa tisa. Mabibi hawa walikuwa dada mtu na mdogo wake, wote hawasikii vizuri, na mkubwa ndiye mgonjwa. Aligonga mlango hadi vifundo vikauma. Hatimaye mdogo akafungua, mwenye miaka sabini na ushee, akafurahi kupata mgeni.

“Chupa, bibi! Naomba kuona chupa!”

“Supu? Hatujapika supu leo.”

“Chupa! Ya Padri!”

“Aaa! Ipo kabatini. Dada aliifungia, si unajua hapa wezi.” Akaanza kutafuta ufunguo. Hakuuona kwenye kikapu. Hakuuona chini ya godoro. Dada mkubwa, kutoka kitandani, akasema ufunguo anao mdogo. Mdogo akasema anao dada. Wakaanza kesi ya miaka hamsini palepale huku Mama Sabuni akitazama saa ya ukutani, ile ya kutia ufunguo, isiyohitaji umeme, ikikata dakika bila haraka.

Nje baiskeli ikaanguka. Mzee Kengele akaingia akihema, shati limelowa, akatandaza vitambaa vyake vitatu juu ya meza. Vyote vya manjano.

“Na zako?”

“Manjano zote mbili.”

Wakageuka kutazama kabati. “Basi ni hii,” alisema Mzee Kengele, na alisema kwa shukrani, kwa sababu hii ilikuwa mbele yao, imefungiwa. Mama Sabuni naye alihisi kifua kikianza kuachia. Ufunguo ulipatikana shingoni mwa bibi mkubwa, umefungwa kwenye rozari. Kabati likafunguka. Akaitoa chupa, akafungua kizibo, akachovya kitambaa.

Kengele ililia.

Ililia kwa vishindo visivyo na mpangilio, kama inavyolia ikivutwa na mtu asiyeizoea. Mzee Kengele alitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

“Nani…” alisema. “Nani anapiga?”

Alijua kabla hajamaliza kuuliza. Saa tisa ilifika, mpiga kengele hayupo, hakuaga mtu. Wagonjwa saba wanangoja. Paroko angefanya nini, kama si kukunja mikono ya kanzu na kuvuta kamba mwenyewe?

Mama Sabuni aliinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cha manjano.

“Sita,” alisema Mzee Kengele.

Hakumaliza hesabu, wala hapakuwa na haja. Mama Sabuni alikuwa amekwisha kutoka mlangoni.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mwenye aproni na viatu vya Jumapili, alikimbia katikati ya barabara mguu niponye, na watu waliokaa barazani wakasimama kumtazama. Kengele ilikuwa bado inalia. Kila pigo lilimkumbusha kitu. Asubuhi alipoibeba ile chupa alikuwa akizungumza na kiongozi wa kwaya. Walizungumza juu yake yeye mwenyewe, jinsi hotuba ya kuzima simu ilivyowagusa watu. Hata utepe hakuutazama, na njiani alibadilisha mkono mara mbili. Alijiambia ni uzee. Chupa ya maji haikuwahi kumfanya abadilishe mkono. Aliihisi, mikono ilijua, na yeye hakuisikiliza kwa sababu alikuwa anasikiliza sifa.

Kiatu kimoja kilimtoka kwenye kona ya fundi seremala. Hakurudi.

Aliwaza mdomo wa mama yake. Hakutaka kuuwaza lakini ndio uliokuja, mdomo ule mdogo usio na meno ya mbele, unaoanza kutabasamu kabla ya kikombe kufika. Mungu wangu, alisema, na hakujua aombe nini, maana maji yaliyoombewa na Padri ndiyo yale.

Alipofika uani alimsikia mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi nao na kumwuguza mama, akiita jina la mama yao mfululizo kwa sauti moja, bila kupumua.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mguu mgonjwa juu ya kigoda. Kikombe kilikuwa sakafuni, kimevunjika mkono, na sakafu imelowa. Mwanamke mzee alikuwa amejishika uso kwa viganja vyote viwili.

“Amekunywa?” Mama Sabuni alipiga kelele. “Amekunywa?”

“Hapana, hajanywa! Alichovya vidole, akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimeshamimina, nimeshainua kikombe mdomoni mwangu nimwonjee kwanza, dada, nimeshainua! Akanipiga mkono kikaruka. Akasema usinywe, hayo yanateleza. Halafu tone likamchuruzikia jichoni.”

Mama yao ndiye aliyewafundisha kutengeneza sabuni, zamani hizo kwa maji ya majivu. Vidole vyake vilijua. Lakini vilijua baada ya kupita kwenye paji la uso.

Mama Sabuni alimbandua viganja. Kwenye paji palikuwa na alama nyekundu, inayoteleza, na kutoka hapo mstari mmoja ulishuka hadi jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho miaka mingi. La kulia ndilo lililokuwa linaona.

Walikibeba kiti na mama juu yake hadi uani kwenye pipa. Lilikuwa pipa la maji ya mvua, akiba ya wiki nzima, ambalo maji yake Mama Sabuni aliwapimia watu wa nyumbani kwa kopo. Mdogo wake alishasemwa mara ngapi kwa kuosha vyombo kwa makopo mawili. Sasa aliyamwaga. Kopo juu ya kopo, juu ya paji, ndani ya jicho, akishikilia kope kwa vidole viwili, huku mama yake akikaza meno asipige kelele majirani wakasikia.

“Niliyajua,” mama alinong’ona kati ya kopo na kopo. “Nilijua ni ya kwako, mwanangu. Nyamaza tu.”

Gari likasimama langoni kwa kishindo. Mzee Kengele alikuwa amerudi kanisani kwa baiskeli, akamwambia Paroko neno moja tu, kwamba mama yake Mama Sabuni yuko hatarini. Ushujaa wake uliishia hapo. Paroko alishuka akiwa bado na kanzu, mikono imekunjwa, pumzi juu juu. Mzee Kengele akashuka nyuma yake.

“Nini? Nini kimempata?”

Mdogo mtu alimtazama dada yake. Mzee Kengele alitazama viatu vyake.

“Uji wa moto, Padri,” alisema mama, uso ukichuruzika maji. “Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Nimejimwagia mwenyewe.”

Na akaukamata mkono wa binti yake, akaubana.

Mama Sabuni alitaka kuupokea uongo ule. Aliutaka sana. Ulikuwa umetengenezwa na mama yake kwa maumivu makali, ukaletwa mbele yake tayari, kilichobaki ni kunyamaza. Kikundi kingebaki, jina lingebaki. Alivuta pumzi, akauona mstari ule mwekundu unaoshuka hadi kwenye jicho, akafikiria daktari atakayeuliza swali lile lile na kutibu kitu kisichokuwapo.

“Si uji, Padri,” alisema. “Ni kostiki. Niliificha sakristia, ikatoka pamoja na maji ya wagonjwa. Hizo sita nyingine ni salama, nimezikagua. Nimejua tangu saa saba na nusu.”

“Tangu saa saba na nusu,” alirudia Paroko.

“Ndiyo.”

“Nilikuwa pale. Nilikuwa nakula, hatua ishirini kutoka sakristia.” Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Aligeuza viganja vyake akavitazama. Kamba ilikuwa imeviacha vyekundu. “Nimepiga kengele mimi.”

Mama Sabuni aligeukia pipa. Alichota tena. Kopo liligonga chini ya pipa, likatoka na maji kidogo na mchanga, akayamwaga, akainama kuchota mengine yasiyokuwepo.

“Mwingizeni garini,” alisema Paroko. “Haraka.”

Mdogo mtu akapitisha mikono kwapani mwa mama. Mwanamke mzee aliinua uso, akaugeuza huku na huku taratibu, kama mtu anayetafuta ilikotoka sauti. Jua la saa tisa lilimpiga usoni moja kwa moja, na maji kwenye kope zake yalimeremeta.

“Mwanangu,” alisema, “mbona mmefunga madirisha?”

Mama Sabuni alilishika kopo tupu kwa mikono miwili.

“Mama,” alisema, “tuko uani.”